Tope la Mlango wa Kwanza

Wanangu, mwenyekiti wenu wa vijana alikuja hapa kwangu wiki mbili zilizopita kuniomba niwaandikie. Alisema mnataka siri ya kudumu. "Mzee Kahindi," akaniambia, "umelinda matuta ya chumvi miaka thelathini na moja, na kanisani ulikuwa mzee tangu sisi hatujazaliwa. Tuandikie ulifanyaje usipoe." Nikampa chai na muhogo, nikamwambia nitajaribu. Alipotoka tu mlangoni nikalia. Mke wangu, Mama Kadzo, akaja mbio kutoka jikoni akaniuliza kijana ameniambia nini kibaya. Nikamwambia hakuna kibaya, amenisifu tu.

Siri hiyo sinayo. Mimi nilipoa, tena nilipoa vibaya, nikiwa nimekaa kiti cha mbele kanisani kila Jumapili. Nilicho nacho ni habari ya mtu mmoja aitwaye Karisa. Mimi ndiye niliyemwongoza kwa Bwana, na mimi ndiye niliyemfanya asitake tena kusikia habari za Bwana. Wengi wenu hamkumjua. Nyinyi vijana sijawahi kuwasimulia habari yake, na sasa mmenipa sababu ya kuitoa.

Lakini kwanza niwaeleze kazi yenyewe, maana bila kazi hamtanielewa.

Mkivuka daraja la Sabaki mkashika njia ya kaskazini, upande wa bahari mtaona tambarare nyeupe. Yale ni mabwawa ya chumvi. Maji ya bahari huingizwa wakati wa bamvua, bahari inapojaa kuliko siku zote, yakafungiwa katika bwawa kubwa. Kutoka hapo hushushwa bwawa hadi bwawa, jua likiyanywa kidogo kidogo, mpaka yafike mabwawa ya mwisho ambako chumvi inashika. Ni kazi ya miezi. Na kinachotenga maji yale na bahari mbichi ni tuta la udongo, basi, refu hata ukisimama huku huoni linakoishia. Mimi nilikuwa mlinzi wa tuta. Sikushika rungu wala panga, nilishika jembe, na adui yangu alikuwa kaa.

Ndiyo, kaa, huyuhuyu anayekimbia ubavu ubavu ufukweni. Chekeni tu. Hata mimi nilicheka siku ya kwanza. Nyapara wetu, Mzee Nyale, Mungu amrehemu, aliningoja nimalize kucheka, kisha akanipeleka kwenye tuta akanionyesha tundu lisilozidi kidole gumba. Akasema, "Hili nililiona jana. Nikiliacha mpaka bamvua, wewe na mimi hatuna kazi."

Alinifundisha kila kitu mzee yule. Tundu likiwa na tope bichi mdomoni, kaa yumo ndani na anaendelea kuchimba. Maji yakitoka safi upande wa pili, unayo nafasi, tuta bado halijaliwa. Yakitoka na rangi ya udongo, acha yote ukimbie ukaite watu. Na usizibe tundu pale unapoliona likivuja. Hilo ndilo kosa la kila mgeni. Anaona maji yanatoka huku, anashindilia tope hukuhuku, anajipiga kifua. Maji yakikataliwa huku yanazunguka humo ndani ya tuta, na kesho yanatokea mahali pengine. Lazima uvuke upande wa bahari, uingie majini mpaka magotini, upapase mpaka uupate mlango wa kaa, uuzibe hapo. Unaziba kwa tope jeusi la mikokoni lililokandwa na majani makavu, na unashindilia kwa kisigino. Mimi mara ya kwanza nilishindilia kwa mkono. Kaa akanibana kidole, nikapiga ukelele mpaka akina mama wa kuvuna chumvi wakaacha kazi kuja kutazama nani amekufa. Mwaka mzima waliniita Bwana Kidole.

Na tuta hupitwa kila siku, asubuhi na mapema, kabla jua halijakausha ule unyevu unaokuonyesha tundu lilipo. Jua likishapanda, tuta lote ni kavu, na bovu na zuri ni sura moja. Ukimaliza unarudi kibandani kwa Mzee Nyale. Anakuuliza neno moja, "Tuta?" Unamjibu neno moja, "Zima." Lakini hakuwa akiandika kitu mpaka aseme, "Nionyeshe miguu." Basi unainua mguu mmoja, unainua wa pili, anatazama. Mtu aliyepita tuta lote harudi na miguu mikavu. Tulikuwa tukiinua miguu, wakubwa kwa wadogo, kama ng'ombe wanaokaguliwa mnadani, na ole wako mguu wako uwe safi.

Siku hizi nasikia wanatuma ujumbe kwa simu. Mtu anaandika "zima", anabonyeza, anageuka ubavu wa pili. Mimi sina la kusema, kwa sababu nilifanya hayo kabla simu hazijaja.

Karisa alitokea Adu. Alipoajiriwa mimi nilikuwa nimeshaota mizizi pale. Alikuwa mrefu, mcheshi, mwepesi wa jembe, na mnywaji wa mnazi wa kupindukia. Alipewa kipande cha tuta kilichopakana na changu. Changu kiliishia kwenye kona yenye mkoko mmoja uliosimama peke yake, na chake kilianzia hapohapo. Kila asubuhi mimi natoka huku, yeye anatoka kule, tunakutana konani. "Zima?" "Zima." Tunapeana mkono, kila mtu anarudi alikotoka.

Siku hizo nilikuwa naomba nikitembea. Nyumba yangu ilikuwa chumba kimoja, watoto watano, mahali pa kupiga goti hapakuwapo. Kwa hiyo nilimwekea Mungu miadi kwenye tuta. Kila tundu nililoliziba nililipa jina la mtu, nikashindilia nikimwombea. Karisa akanikuta siku moja nikinong'ona.

"Mzee, unaongea na nani?"

"Na Mungu."

"Anakujibu?"

"Siku nyingine."

Alicheka mpaka akaegemea jembe. Lakini asubuhi moja alikuja macho yamemwiva, akasimama konani bila kusalimu. Akasema, "Mzee, leo na mimi niweke kwenye tundu moja. Mke wangu Dama amerudi kwao na mtoto." Tukaomba palepale, magoti kwenye tope. Sitawaambia kwamba aliacha mnazi siku hiyo, maana hakuacha. Alihangaika karibu mwaka. Lakini kila asubuhi alifika konani, hata siku alizonuka, na mimi nilifika. Dama akarudi. Siku ya kubatizwa baharini mimi ndiye niliyemshika mkono nikaingia naye majini, na alipoinuliwa akatema mate akasema kwa sauti, "Chumvi, mzee!" Kanisa zima likaangua kicheko, hata mchungaji. Tangu hapo ile kona ilikuwa yetu. Salamu, sala fupi, jembe begani.

Sasa sikilizeni mtu anavyopoa, kwa sababu mimi hakuna siku niliyoamua.

Kwanza walinichagua mzee wa kanisa. Nilifurahi, na sioni kosa katika kufurahi. Vikao vikawa vingi, jioni nikawa narudi nimechoka. Kisha nikapata baiskeli. Lo, baiskeli ile! Ilikuwa ya buluu, ina kengele inayosikika hadi mikokoni. Barabara ya malori ilifuatana na tuta kwa mbali kidogo, na siku moja goti likiniuma nikasema leo nitapita kwa baiskeli, nitatazama kutoka barabarani. Nikatazama, tuta lote zuri. Kutoka juu ya baiskeli tuta haliwezi kuwa baya, kwa sababu tundu la kaa huwezi kuliona kutoka huko. Wiki iliyofuata goti halikuniuma, lakini baiskeli nilipanda.

Halafu kulikuwa na mlango wa kwanza. Ndio mlango wa mbao wa kuingizia maji ya bahari, mwanzoni kabisa mwa kipande changu. Pale Bi Rukia alikuwa akiuza mahamri na mbaazi kwa vibarua. Nikawa nasimama pale kidogo. Akina mama wa chumvi wakiniona wanasema, "Mzee wa kanisa, tusomee neno." Mimi nani nikatae? Natoa Biblia mkobani, nasoma, naeleza, wanatikisa vichwa, Bi Rukia ananiongezea hamri bila malipo, na yeye si Mkristo. Nani angesema nafanya vibaya? Nilikuwa nikiwahimiza wakeshe, wasilale kiroho, huku tuta langu liko nyuma ya mgongo wangu, halijapitwa. Wakati wa kurudi ukifika, nashuka pale mlangoni, nachovya mguu wa kushoto, nachovya wa kulia, tope mpaka kwenye kifundo. Napanda baiskeli.

"Tuta?"

"Zima."

"Nionyeshe miguu."

Nilionyesha, na Mzee Nyale, ambaye macho yake yalikuwa yameanza kufifia, aliandika.

Nyumbani mambo yalikuwa hayohayo. Watoto walishaondoka, nikawa sasa nina chumba cha maombi. Naingia, nafunga mlango, nakaa kitandani, nakohoa mara mbili ili Mama Kadzo asikie niko macho, kisha nasinzia. Utepe wa Biblia nilikuwa nikiusogeza mbele kurasa mbili tatu kila siku ili usionekane umekaa. Haki ya Mungu, nilifanya hivyo. Na Jumapili nilisimama nikaomba sala ndefu, nzuri, watu wakafuta machozi. Maneno yote yalikuwa ya zamani, ya zile asubuhi za tuta. Nilikuwa nakula akiba.

Karisa akaniuliza baada ya ibada moja, "Mzee, sikuoni konani."

"Mambo mengi, mwanangu. Kazi za Bwana."

Ati kazi za Bwana! Hamri na mbaazi!

"Lakini u mzima?" akaniuliza.

"Mzima. Na wewe?"

Alichelewa kidogo kujibu. Leo naona alichelewa, siku ile sikuona. "Mzima, mzee," akasema, na mimi nikamgeukia mtu mwingine aliyetaka kunisalimu. Neno hilo nimelichukia tangu wakati huo. Twasema mtu ni mzima, twasema taa imezima, na mdomoni ni karibu neno moja tu. Mimi nilikuwa hayo yote mawili, na kila mtu alisikia lile la kwanza.

Tuta lilivunjika wakati wa kaskazi, jua kali, chumvi imeshika vizuri, akina mama wanangoja neno tu waanze kuvuna. Ilikuwa bamvua. Nilikuwa sijakanyaga konani kwa miezi miwili. Nilikuwa mlangoni kwa Bi Rukia niliposikia kelele, na nilipofika kwenye ule mkoko bahari ilikuwa imeshaingia, inapita kwa kishindo kama mto uliofurika. Kufika adhuhuri mabwawa yaliyokuwa meupe yote yalikuwa maji. Akina mama wamesimama na makarai mikononi. Kazi ya msimu wao wote ilikuwa mle. Tuta lilikuwa limeliwa hatua kumi upande wangu na hatua kumi upande wa Karisa, na hakuna mtu ambaye angeweza kusema tundu lilianzia kwa nani.

Hakuna mtu ila mimi. Kaa hachimbi tundu la namna ile kwa siku moja, na Karisa alikuwa akifika pale kila siku.

Mzee Nyale alituita sote wawili mbele ya wakubwa. Karisa akaanza. Akasema, "Kila siku nafika konani, ila leo sikufika. Mtoto wetu wa mwisho ameamka na homa kali, nikakatiza njiani nirudi nimpeleke zahanati. Nisameheni." Siku moja, wanangu. Mtu alikosa siku moja na akaisema.

Mimi nikasema, "Kipande changu kilikuwa kizima. Nilifika mpaka mwisho." Na kabla sijaulizwa, nikainua mguu.

Mzee Nyale alitazama kwa yale macho yake yaliyofifia. Karisa naye alitazama. Sasa mjue jambo hili ambalo kila mlinzi wa tuta alilijua: tope la mlango wa kwanza ni la kijivu, lina mchanga, kwa sababu maji ya bahari huleta mchanga pale. Tope la konani ni jeusi tititi. Karisa aliutazama mguu wangu, akanitazama usoni, kisha akainamisha kichwa. Siku ileile akafukuzwa kazi, na mimi nikapewa watu wa kwenda kujenga tuta upya.

Na bado sijafika kwenye baya lenyewe. Jumapili ilipofika ilikuwa zamu yangu kuongoza maombi. Karisa alikuja na Dama, mtoto wao wa mwisho mapajani. Nami nikasimama pale mbele, nikafumba macho, nikasema, "Bwana, tunamkumbuka ndugu yetu Karisa, umwinue kutoka katika uzembe wake." Nilisema hivyo, kwa sauti ya upole. Nilipofumbua macho kiti chake kilikuwa kitupu. Nikajiambia amekasirika kwa sababu amekemewa.

Walihamia Mtwapa. Nilisikia amepanga chumba, anafanya ulinzi kwenye baa, kisha nikasikia halindi tena, anakunywa. Watu waliponiuliza habari zake nilijibu, "Namwombea." Sikumwombea. Nilipostaafu kiwanda kilinifanyia sherehe, wakanipa cheti chenye kioo kilichoandikwa "Mlinzi Mwaminifu". Kilikaa ukutani kwangu miaka sita, juu ya meza ya chakula.

Mwaka jana masika yakiwa yamekolea, Dama akanipigia simu. "Mzee, tumerudi nyumbani Adu. Karisa ni mgonjwa, ini. Madaktari wamesema tumkalishe tu. Anakutaja." Sikulala. Asubuhi nikaondoka. Gari likaishia pale mvua ilipokata barabara, pikipiki nazo zikakataa kuingia, kwa hiyo nikavua viatu nikatembea. Na magoti haya! Nilianguka mara mbili. Nilifika kwao tope limenipanda mpaka kwenye ugoko.

Walikuwa wamemlaza ukumbini, mlango wazi apate hewa. Yule mtu mrefu alikuwa amebaki mifupa na macho.

"Shikamoo, mzee," akasema.

"Marahaba, mwanangu."

Dama akaleta beseni la maji ninawe miguu. Karisa akainua mkono. "Dama, ngoja kwanza. Mzee, nionyeshe miguu."

Nikashika mwimo wa mlango, nikainua mguu mmoja, nikainua wa pili. Akatazama kwa makini, polepole, kama alivyokuwa akitazama Mzee Nyale.

"Leo umepita," akasema.

Nikaanguka magotini pale mlangoni. "Kumbe ulijua?"

"Tope la mlangoni lina mchanga, mzee. Nani asiyejua?"

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Wewe ndiye uliyenishika mkono nikaingia majini." Akapumzika, Dama akampangusa jasho. "Nilikuwa nikikungoja konani. Miezi ile miwili. Nasema leo atakuja. Nikiona huji, naomba sehemu yangu, kisha naomba na sehemu yako, ndipo narudi."

Nikajivuta kwa magoti mpaka karibu yake.

"Kazi si kitu," akaendelea. "Tuta lilikuwa letu sote, na siku ile hata mimi sikufika. Kilichonimaliza ni ile Jumapili. Uliposimama ukaniombea. Nikajiambia, kama huyu ndiye aliyenifundisha kuomba, basi hakuna kitu mle ndani. Ni maneno tu. Nami tangu siku hiyo sijaomba, mzee. Nimejaribu. Nikifumba macho naisikia sauti yako."

Nililia kwa sauti, mzee mzima, mbele ya Dama. Nikamwambia, "Karisa, Jumapili hii nitasimama mbele ya kanisa lote niyaseme haya yote. Miguu, mlango, kila kitu."

Akanitazama usoni. "Utasema?"

"Nitasema."

"Basi ukisema, tuma mtu aje aniambie. Na mimi nitajaribu tena kuomba."

Hilo tu. Hakuomba dawa wala kitu kingine chochote. Mtu alikuwa anakufa bila kuweza kumwita Mungu wake, na alichotaka ni mimi nitimize neno moja kwa Jumapili moja.

Nilirudi nyumbani nikayaandika kwenye karatasi. Jumapili nikaitia mfukoni. Nilipofika kanisani nikakuta kuna wageni kutoka Malindi, kuna watoto wa kubatizwa, kwaya mbili, mchungaji ana haraka. Nilikaa kile kiti cha mbele nikiishika karatasi. Nikajiambia siku hii si nzuri, nitawaharibia wageni furaha, jambo zito kama hili linataka nafasi yake. Jumapili ijayo. Nikaimba, nikasalimu watu, nikarudi nyumbani nikala wali, na nililala usingizi mtamu kabisa. Niliona kama nimeshatubu, kwa sababu nilikuwa nimelia.

Hapo ndipo nataka mshike, wanangu, kama hamtashika pengine popote. Mnadhani mtu akishalia kwa uchungu namna ile hawezi kulala tena. Nililala siku nne baadaye. Nilikuwa nimeziba pale palipovuja, pale Adu, machozini. Kule maji yanakoingilia sikuwa nimegusa: ile hofu yangu kwamba watu wataniona nilivyo.

Alhamisi Dama akapiga simu. Karisa alikuwa amefariki alfajiri.

Kwenye mazishi nikaomba nafasi. Walikuwapo watu wazima wa kanisa, walikuwapo watu wa chumvi, hata Bi Rukia alikuja, mzee sasa, anaongozwa na mjukuu. Nikasema yote, kaburi likiwa wazi mbele yangu. Mama mmoja wa wale wa makarai alisonya akaondoka, na alikuwa na haki. Mchungaji akanikumbatia. Cheti nilikishusha jioni ileile. Uzee wa kanisa nimeuacha, ndiyo maana mnaniona nakaa nyuma na nyinyi, na ndiyo maana mkiniuliza "Mzee, u mzima?" nanyamaza kwanza nijitazame. Msinikasirikie kwa kunyamaza, na msikubali nikiwajibu upesi.

Watu walipoanza kutawanyika nilimfuata Dama nyuma ya nyumba. Nilitaka anitukane. Hakunitukana. Alikuwa anaanua nguo kwenye kamba, akasema bila kunigeukia, "Jumapili aliniambia nimvalishe shati jeupe. Nikamwambia hutoki, shati la nini? Akasema, atakuja mtu. Nikamtoa nje, nikamkalisha kitini, uso njiani. Kila pikipiki iliyopita ananiuliza, 'Ni mtu wa mzee?' Alikaa mpaka alasiri."

"Aliomba?" nikamwuliza.

"Sijui, mzee. Nilipomrudisha ndani alikuwa kimya."

Akaingia jikoni akatoka na beseni la maji, akaliweka mbele yangu. Siku hiyo pia barabara ilikuwa mbovu, nilikuwa nimetembea, tope jeusi limenikauka miguuni. Nikamwambia, "Ngoja kwanza, Dama." Sijui nilikuwa nikingoja nini.

"Nawa tu, mzee," akaniambia. "Wa kutazama hayupo."